Seti ya tapu na dai ya bei nafuu kwa karakana ya nyumbani: ninunue ipi?

Karakana_ya_Uani

Wakuu, habari za majukumu. Nafanya kazi ndogondogo za chuma nyumbani: stendi ya grenda, bawaba za geti, meza, viti, mara mojamoja pikipiki. Hadi sasa panapohitajika bolti nachomelea nati nyuma, ila kuna sehemu nati haikai na nyingine moto unapindisha kipande. Nataka nianze kukata hesi (yale meno ya mzunguko ya bolti na nati) mwenyewe: kwa tapu ndani ya tundu, kwa dai nje ya fimbo.

Dukani kuna boksi la vipande 40, limeandikwa kwa mbwembwe kuwa ni chuma cha tungsten. Kuna jingine la vipande 110, linalovutia macho zaidi. Bajeti haizidi shilingi 90,000. Nina drili ya mkono, jiriwa, grenda na seti ya biti 1 hadi 13 mm. Chuma changu ni flati baa ya 6 mm, chuma cha engo, skwea paipu, na aluminiamu kidogo. Nichukue lipi?

---

Bin_Nati

Naweka kiti hapa, ngoja mafundi waje.

---

Hesi_Safi

Kabla ya kulipa, fungua boksi uhesabu. Vipande 40 kwa kawaida ni tapu 17, dai 17, na sita vilivyobaki ni mipini, geji ya hesi na bisibisi. Katika saizi hizo 17 tafuta M3x0.6 (yaani kipenyo cha 3 mm, na 0.6 mm kutoka jino hadi jino), M4x0.75, M5x0.9, M6x0.75, M7x0.75 na M7x1. Karibu theluthi ya boksi, na hutazigusa. Zile tatu za mwanzo ni vipimo vya zamani vya Kijapani vilivyokwisha kuachwa. Hakuna duka la mtaani litakalokuuzia bolti ya M5x0.9.

Na ubaya wake hauishii kwenye kukaa bure. Ukikata kwa M5x0.9 kisha ukaja na bolti ya kawaida ya M5x0.8, itaingia mizunguko michache, itakaza, ukilazimisha hesi zote mbili zinakufa. Ukinunua boksi la aina hiyo, siku ya kwanza toa saizi hizo uzitie kwenye kopo lake mbali.

Za kutumika ni M4x0.7, M5x0.8, M6x1, M8x1.25, M10x1.5 na M12x1.75. Kwa geti na meza, M6, M8 na M10 zitabeba karibu kazi yote. Ukigusa pikipiki na magari ya Kijapani utahitaji pia M10x1.25 na M12x1.25. Hizo mbili angalia kwa macho kama zimo, maana boksi nyingi zina moja tu au hazina kabisa.

La vipande 110 ni ugonjwa uleule, ila una watoto wengi zaidi.

---

Mkereza_Vyuma

Niongeze kuhusu neno tungsten. Boksi la bei hiyo halina karbaidi (ule mchanganyiko mgumu wa tungsten na kaboni) hata chembe. Ndani ni chuma cha kaboni chenye kromiamu kidogo. Mara nyingine utaona pameandikwa 9SiCr au GCr15. Chuma hicho kinakuwa kigumu vizuri, lakini kikipata joto la nyuzi 200 na kitu kinaanza kulainika. HSS, chuma cha zana kinachovumilia joto la kukata kwa kasi, inashikilia ugumu wake hadi kwenye nyuzi 600 hivi.

Alama za HSS: 6542 ni ile ya kawaida na ni nzuri, 4341 ni ya daraja la chini, M35 ina kobalti asilimia 5. Ukiona "HSS" tupu bila namba kwenye tapu ya bei ya pipi, usiamini maandishi, amini tupa na cheche. Kata kipande cha mkia wa tapu iliyovunjika kwenye grenda: chuma cha kaboni kinatoa cheche nyeupe nyingi zinazopasuka kama nyota, HSS inatoa cheche chache, nyekundu iliyofifia, fupi, karibu hazipasuki.

Ushauri wangu ni usinunue boksi. Nunua tapu za HSS mojamoja: M5, M6, M8, M10. Nunua mpini mmoja wa maana. Basi.

---

Fundi_wa_Kona

Mkereza, hapo kwenye HSS napinga kidogo. Hoja ya joto inamhusu mwenye mashine. Mtu anayekata hesi kwa mkono, nusu mzunguko mbele robo nyuma, tapu yake haifiki hata nyuzi 60. Kwa kazi ya mkono tapu ya kaboni iliyonolewa vizuri inakata sawa na HSS, tena makali yake ni safi. Kilichozifanya zichukiwe ni kwamba nyingi za kwenye boksi hazikunolewa vizuri, na mkataji alitoboa tundu dogo.

Halafu kuna faida moja ambayo watu hawaisemi: ya kaboni ikivunjikia ndani unaipasua kwa panchi ikatoka vipandevipande. HSS ikivunjikia ndani utaijua kazi.

---

Mkereza_Vyuma

Kuhusu joto nakubali. Ila HSS haipotezi makali haraka kwenye chuma kichafu, na chuma cha mtaani ni kichafu: flati baa ina magamba ya kiwandani, pembeni kuna sehemu iliyochomelewa. Kwa M6 na M8 ambazo atazitumia kila wiki, HSS inajilipa. Kwa M12 atakayoitumia mara mbili kwa mwaka, ya kaboni inatosha.

---

Fundi_wa_Kona

Hapo tumekubaliana.

---

Karakana_ya_Uani

Asanteni. Sasa hilo la "tundu dogo". Kwa M8 natoboa milimita ngapi? Kuna mtu kaniambia 6.5.

---

Hesi_Safi

Huyo ndiye anayeuza tapu nyingi!

Kanuni ni moja: kipenyo cha bolti toa pichi, yaani umbali wa jino hadi jino. M8x1.25 ni 8 toa 1.25, unapata 6.75, biti ni 6.8. Kwa mfululizo: M3 ni 2.5, M4 ni 3.3, M5 ni 4.2, M6 ni 5.0, M8 ni 6.8, M10 ni 8.5, M12 ni 10.2. Za pichi ndogo: M10x1.25 ni 8.8 (hesabu inasema 8.75), M12x1.25 ni 10.8, M12x1.5 ni 10.5.

Vipimo hivyo vinakupa hesi yenye kina cha asilimia 75 hivi ya kina kamili. Kwa mkono na kwa tapu ya bei nafuu, panda kidogo juu yake: M6 toboa 5.2, M8 toboa 7.0, M10 toboa 8.7. Hapo kina kinashuka hadi asilimia 62 hadi 67, na nguvu ya kuzungusha tapu inapungua sana. Ushikaji haupungui kwa kiasi hicho. Kwenye chuma chenye unene sawa na kipenyo cha bolti, bolti ya kawaida itakatika kabla hesi haijang'oka.

Ukitoboa 6.5 kwa M8 unaidai tapu ikate zaidi ya asilimia 90 ya kina. Maranda hayana pa kwenda, yanajikunja kwenye mifereji, tapu inakwama, mpini unasukumwa, paa. Tapu nyingi zinazosingiziwa kuwa feki zimeuawa na biti.

Kwenye aluminiamu usipande. Baki kwenye 5.0 kwa M6 na 6.8 kwa M8, maana chuma chenyewe ni laini na kinahitaji hesi iliyojaa. Na kina cha kuingia kwa bolti kwenye aluminiamu kiwe mara mbili ya kipenyo. Kwenye chuma cha kawaida mara moja kinatosha, kwenye chuma cha kusubu mara moja na nusu.

---

Anayejifunza_Kulehemu

Na skwea paipu ya ukuta wa 1.5 mm? Inakubali M6?

---

Hesi_Safi

Haikubali. Pichi ya M6 ni 1 mm, kwa hiyo ukuta wa 1.5 unakupa jino moja na nusu. Itashika siku ya kwanza, ukikaza mara ya tatu inang'oka. Hata M4 inapata meno mawili tu. Kwenye paipu tumia nati ya ribiti, au chomelea kipande cha flati baa ya 6 mm upande wa ndani au juu yake ndipo ukate hesi humo. Tapu si dawa ya chuma chembamba.

Kama umeona zile biti zenye drili mbele na tapu nyuma kwenye kipande kimoja, zinafaa kwa bati la 2 hadi 3 mm kwa M5 au M6, kazi ya kuweka vifuniko. Sharti lake: sehemu ya drili iwe imeshatoboka kabisa upande wa pili kabla hesi haijaanza kuingia. Ukizitumia kwenye flati baa nene, hesi inavuta kasi kuliko drili inavyotoboa, nayo inakatika katikati.

---

Bolti_na_Inchi

Kutoka Nairobi. Wote mnaongea milimita, lakini maduka yetu bado yamejaa inchi, na huko Gerezani, Dar es Salaam, nadhani ni hivyohivyo. Studi ndefu ya "nusu inchi" au bolti ya "tatu kwa nane" inayouzwa kwa kipande, mara nyingi ni Whitworth, mfumo wa Mwingereza Joseph Whitworth wa mwaka 1841. Jino lake lina pembe ya nyuzi 55. Seti za inchi kwenye boksi za bei nafuu ni UNC ya Kimarekani, nyuzi 60.

Robo inchi zote mbili ni meno 20 kwa inchi, 5/16 zote 18, 3/8 zote 16. Kwa hiyo zinaingiliana, zinalegea au kukaza kidogo, na kwa meza hakuna shida. Nusu inchi ndipo penye mtego: Whitworth ni meno 12, UNC ni 13. Inaingia mizunguko kadhaa halafu inakwama. Hapo ndipo geji ya hesi inapofanya kazi, na ndicho kitu pekee kwenye boksi ambacho karibu kila mara ni kizuri.

Usinunue tapu ya inchi kwa kuwa tu bolti fulani ipo ndani ya nyumba. Amua: kazi zote mpya ziwe za milimita. Inchi ibaki ya kurekebishia vya zamani.

La pili, bomba za maji. Ile tapu ya 1/8 kwenye boksi ni NPT, hesi ya bomba ya Kimarekani, meno 27. Fitingi zetu ni BSP, ya Kiingereza, na 1/8 ya BSP ni meno 28. Nusu inchi NPT na BSP zote meno 14, zinaingiana vizuri sana kwa macho, kisha zinavuja kwa sababu pembe ya jino ni tofauti. Kazi ya bomba ina dai zake za BSP zenye mpini wa ratcheti, usiifanye kwa boksi hili.

---

Karakana_ya_Uani

Umenigusa. Bawaba za geti nataka niweke nipo za grisi (vile vichuchu vya kuingizia grisi). Hizo ni saizi gani?

---

Bolti_na_Inchi

Zinazopatikana sana ni M6x1, M8x1 na M10x1, pamoja na za 1/8. Chukua M6x1 na hutahitaji tapu ya ziada, ni ileile M6 ya kawaida. M8 ya nipo ni pichi ya 1, siyo 1.25, usichanganye.

---

Fundi_wa_Kona

Sasa tumsaidie namna ya kukagua dukani, maana mabishano ya chuma hayamsaidii akiwa amesimama kaunta. Nenda na vitu vitatu: tupa ndogo, bolti mpya ya M8 na nati yake.

Pitisha tupa kwenye shingo ya tapu karibu na meno, polepole. Ikiteleza kama juu ya kioo, imekaushwa, yaani imefanywa ngumu kwa moto. Ikiuma na kuacha mkwaruzo, rudisha. Zungusha nati kwenye tapu kwa vidole: iende laini, bila kutikisika pembeni. Chukua dai ya M8 uivishe bolti: izunguke kwa vidole kwa ukinzani mdogo. Ikigoma kabisa, imekatwa vibaya. Ikicheza, itakukatia bolti nyembamba. Tazama mifereji ya tapu kwenye mwanga. Ukingo unaokata uwe mstari mmoja mkali, usiwe na mng'aro mweupe wala vipele vya chuma vilivyoachwa na jiwe. Kisha tazama mkia wa pembe nne. Kama umekatwa upande, mpini hautakaa wima na hesi itaenda mshazari hata ukiwa na mkono wa malaika.

Mwisho mpini. Ule mweupe mwepesi kwenye boksi ni wa zinki ya kumimina. Unafaa hadi M6. Ukiweka M10 ukasukuma, taya inapasuka au skrubu inang'oa hesi zake yenyewe, aibu tupu. Tenga fedha ya mpini wa chuma.

Na usichukue mpini mrefu kwa tapu ndogo. M4 kwenye mpini wa futi moja ni kifo, hutahisi inapokwama. M3 na M4 zitumie mpini mdogo wa umbo la T.

---

Mkereza_Vyuma

Kingine cha dukani: ukinunua tapu mojamoja, utakuta seti za tatu za saizi moja. Kuna mifumo miwili na wauzaji wengi hawaitofautishi. Wa kwanza, tapu zote tatu zina kipenyo kilekile, zinatofautiana ncha tu: ya kwanza ina mteremko wa meno 7 hadi 10, ya pili kama manne, ya tatu moja au mawili. Kwa tundu lililotoboka upande wa pili, ya pili peke yake inamaliza kazi. Ya tatu ni ya kufika kitako.

Wa pili ni wa kupokezana: ya kwanza ina pete moja kwenye shingo, ya pili pete mbili, ya tatu haina pete. Hapo ya kwanza na ya pili ni nyembamba, hesi haijakamilika hadi upitishe ya tatu. Ukimaliza na ya pili, bolti haitaingia, utadhani umeuziwa feki. Mfumo huu ni mzuri kwa chuma kigumu, maana kazi imegawanywa.

Kwenye boksi la vipande 40 unapata moja tu kwa kila saizi, kwa kawaida ya mteremko wa kati. Tundu lenye kitako usilijaribu nayo isipokuwa una nafasi ya kutoboa ndani zaidi, angalau pichi tano za ziada chini ya pale bolti itakapoishia. Kwa M8 ni kama milimita 6 na kitu.

---

Karakana_ya_Uani

Nimeelewa. Sasa mwendo wenyewe, kwa mtu mwenye drili ya mkono.

---

Hesi_Safi

Piga senta panchi kwa nguvu. Toboa kwanza kwa biti ya 3, kisha ya mwisho. Drili ya mkono ikienda upande, tapu itafuata tundu, haitalirekebisha. Ukiweza kupata stendi ya drili, hiyo ni muhimu kuliko saizi zote zilizobaki.

Panua mdomo wa tundu kwa biti kubwa, mguso tu, hadi mdomo uwe mpana kuliko bolti kidogo. Pande zote mbili kama limetoboka. Bila hapo jino la kwanza linainuka juu ya uso na kipande hakilali vizuri kwenye mwenzake.

Bana kipande kwenye jiriwa kikiwa mlalo. Paka mafuta. Weka tapu, sukuma chini huku unazungusha mizunguko miwili bila kurudi. Simama, toa mpini, weka skwea pande mbili kwa nyuzi 90. Imelala? Irudishe na uanze upya sasa; baada ya mzunguko wa nne umechelewa. Ujanja wa bei ya bure: toboa tundu la 8 mm lililonyooka kwenye kipande cha chuma cha unene wa 20 mm, kilaze juu ya kazi, pitisha tapu ya M8 humo. Kitaishika wima.

Ikishashika, acha kusukuma. Inajivuta yenyewe. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma hadi usikie maranda yakikatika, tena mbele. Mikono miwili, nguvu sawa. Ukihisi mpini unajipinda kama springi wakati tapu haisogei, hiyo ni onyo la mwisho. Rudi, toa, safisha, mafuta, endelea. Usiifunge tapu kwenye drili ya umeme ukabonyeza. Kuna tapu za mifereji ya kuzunguka kwa ajili hiyo, na hizo hazirudishwi nyuma, lakini zako zina mifereji iliyonyooka.

---

Bin_Nati

Mafuta gani? Oili chafu ya pikipiki inafaa?

---

Fundi_wa_Kona

Oili ya injini imetengenezwa kuzuia msuguano wa vyuma vinavyoteleza, siyo kukata. Afadhali kuliko kavu, lakini ni ya mwisho kwenye foleni. Mafuta ya kukatia yenye salfa ndiyo yenyewe. Ukikosa, mafuta ya wanyama au kimbo la jikoni linafanya vizuri kwenye chuma laini, hilo si utani. Mafundi walikatia hesi kwa mafuta ya nguruwe kabla hayajaja ya viwandani. Ukimaliza yafute, yakikaa yanaganda.

Aluminiamu tumia mafuta ya taa. Shaba ya njano kavu. Chuma cha kusubu kavu, vumbi lake likichanganyika na mafuta linakuwa uji wa kusagia na linakula makali ya tapu.

---

Welda_wa_Pwani

Hamjagusa dai. Hapa ndipo watu wanaharibu nondo.

Nondo yenye mbavu usiikate hesi. Si ya duara, ni ngumu, na ukisaga mbavu kinachobaki ni chembamba kuliko ulichotaka. Tumia raundi baa laini. Na raundi baa ya 8 iliyoandikwa 8 mara nyingi ni 8 na nukta kidogo pamoja na magamba. Dai inataka 7.8 hadi 7.9. Kwa M10 ni 9.8 hadi 9.9. Pitisha tupa au jiwe hadi ufike, pima kwa venia. Chuma kinapokatwa kinavimba kidogo kuelekea nje, ndiyo maana unaanza chini ya kipimo.

Ncha ya fimbo isage mteremko wa nyuzi 45 hadi chini ya kina cha hesi. Bila mteremko dai haianzi, au inaanza kichwa upande na utapata hesi ya kulewa: upande mmoja ina kina, upande wa pili imekwaruzwa tu.

Dai ina uso wa kuanzia. Itazame, upande mmoja meno ya mwanzo yamepunguzwa zaidi. Huo ndio unaoelekea kwenye fimbo. Nyingi maandishi yako upande huo, ila kwa za bei nafuu amini macho.

Zile zenye mpasuko zinarekebishika. Skrubu ya katikati kwenye mpini inafungua dai, za pembeni zinaibana. Pitisha mara ya kwanza ikiwa imefunguliwa, jaribu nati, bana kidogo, pitisha tena. Ukitaka hesi kamili mara moja kwa M10 au M12, dai za kwenye boksi zinapasuka. Sababu yake ni hii: boksi hizo hutumia dai za kipenyo kimoja, milimita 25 hivi, kwa saizi zote hadi M12, ili mpini uwe mmoja. Dai kamili ya M12 ni milimita 38. Toa tundu la 12 na matundu ya kutolea maranda kwenye 25, chuma kilichobaki ni kidogo mno.

Kwa hiyo dai za boksi ni za kusafishia hesi za bolti zilizokwisha kuliwa na kutu au kupigwa nyundo. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Hesi mpya ndefu, nunua studi iliyokwisha kukatwa, ni rahisi kuliko muda wako.

---

Karakana_ya_Uani

Na ikivunjika ndani?

---

Mkereza_Vyuma

Inategemea imevunjikia kwenye nini.

Ikiwa imebaki nje kidogo, ishike kwa koleo la kujifunga, rudisha nyuma taratibu ukiingia na kurudi. Ikiwa ndani na ni ya kaboni, vaa miwani, weka panchi ngumu kwenye mfereji, piga kuelekea nyuma, itapasuka. Kuanzia M8 kwenda juu unaweza kuweka nati juu yake na kuchomelea katikati ya nati, ikipoa ujaribu kwa spana. Biti ya kawaida ya HSS usiipoteze, tapu ni ngumu sawa nayo au zaidi.

---

Welda_wa_Pwani

Kama imevunjikia kwenye aluminiamu au shaba, kuna njia ya dukani kwa viungo: shabu. Ileile ya kusafishia maji. Iyeyushe kwenye maji ya moto hadi isikubali kuyeyuka tena, tia kipande, weka moto mdogo. Inakula chuma na kuacha aluminiamu. Sufuria iwe ya aluminiamu au chombo cha kioo. Tundu lielekee juu ili viputo vitoke, ongeza maji yakipungua, chokonoa ule uchafu mweusi mara kwa mara. Toa kwanza studi, pini na kila kitu cha chuma kilichomo, shabu haichagui. Na sufuria hiyo isirudi jikoni.

---

Fundi_wa_Kona

Ongeza kwamba hiyo ni ya tapu ya kaboni, inakwisha kwa saa kadhaa hadi siku moja au mbili kulingana na unene. HSS inaliwa polepole mno. Ndiyo ile hoja yangu ya mwanzo: kwenye aluminiamu, tapu ya bei nafuu ina huruma.

---

Anayejifunza_Kulehemu

Tundu la plagi ya pikipiki limekwisha hesi. Boksi hili litanisaidia?

---

Welda_wa_Pwani

Hapana. Plagi za pikipiki ni M10x1, M12x1.25 au M14x1.25 kulingana na injini. Soma namba ya plagi kwanza. Hesi ikiwa imeng'oka kweli, kupitisha tapu ya saizi ileile ni kufagia tu. Inatakiwa seti ya springi ya hesi (waya uliosokotwa unaokaa tunduni kama hesi mpya) ya saizi hiyo, ina tapu yake maalumu kubwa kidogo. Ikiwa imepigwa mwanzoni tu, pitisha tapu sahihi yenye grisi kwenye mifereji, ili grisi ishike maranda yasidondoke kwenye silinda.

---

Karakana_ya_Uani

Basi nimeamua. Boksi dogo la vipande 12 au 20 lenye M3 hadi M12 za kawaida kwa kusafishia na saizi za nadra. Tapu za HSS mojamoja M6 na M8. Mpini wa chuma. Chupa ndogo ya mafuta ya kukatia. Kipande cha raundi baa cha kujifunzia. Nimesahau nini?

---

Hesi_Safi

Biti. Seti yako ya 1 hadi 13 inaruka nusu milimita, nenda kaitazame: ina 6.5 na 7.0, haina 6.8. Haina 3.3, 4.2 wala 10.2. Kwa M8 kwenye chuma tumia 7.0 uliyonayo na M6 tumia 5.0 iliyonolewa vizuri. Za kununua ni 4.2 mbili, 6.8 moja ya aluminiamu, na 3.3 tatu, kwa sababu mbili zitavunjika.